Hondohondo Aliyekaa Eda na Mwanatumu

Hili ninalotaka kuwaambia hamtaliamini, wala sitakasirika. Mimi mwenyewe, kama nisingeliona kwa macho haya mawili, tena macho mazima, si kama ya wenzangu wa rika langu wanaowatolea mbuzi salamu wakidhani ni watu, ningesema aliyelisimulia ni mwongo. Lakini nilikuwepo. Tena si kuwepo tu. Kama si mimi, jambo lenyewe lingekwisha asubuhi moja kabla ya chai.

Ni habari za mpwa wangu Mwanatumu, mtoto wa dada yangu, anayekaa Kinondo ukiiacha lami na kushika njia ya baharini. Mkifika, ulizeni nyumba ya mshona makuti. Zile paa za hoteli za Diani, ambazo wageni hulala chali chini yake na kuzipiga picha, nusu yake zimepita mikononi mwake. Mimi husema nusu. Yeye husema paa mbili na banda la magari.

Mwanatumu si mtu wa maneno. Ukimpa maneno kumi anakurudishia mawili, na moja katika hayo mawili ni "haya." Hilo amelirithi kwa baba yake. Upande wetu hatuna ugonjwa huo. Mimi niliishia darasa la sita, lakini lilikuwa darasa la sita la zamani, ambalo kwa sasa ni kama chuo kikuu, na tangu siku ile sijawahi kupungukiwa na neno.

Aliolewa na Boga, baba wa watoto wake, mtu mpole, mkwezi wa minazi, aliyetupa madafu chini kwa upole kama anayeweka mayai. Kiwanja kilikuwa cha Boga na kaka yake Sefu kwa pamoja. Sasa lazima mjue jinsi tunavyoishi huku. Kwetu udongo una mwenyewe na mnazi una mwenyewe, na si lazima awe mtu mmoja. Mtu anaweza kuwa na minazi sita katika shamba ambalo hana hata pa kuzika kidole, na watu wakaona ni sawa. Minazi ya pale ilikuwa imeshagawanywa zamani, huu wa Sefu, huu wa Boga, na kila mtu aliijua kama anavyojua watoto wake. Mti mmoja tu haukuwa umegawanywa. Ni mbambakofi mkubwa ulio nyuma ya jiko la Mwanatumu, mnene, mzee, una tundu juu kama mdomo wa mtu aliyeshangaa. Haukugawanywa kwa sababu hauliwi. Nani agombee mti usioliwa?

Katika tundu lile hukaa hondohondo. Ninyi wa mjini mmewaona kwenye kalenda: mweusi, tumbo jeupe, mdomo kama koleo juu yake pana kofia. Sauti yake ni ya mtoto mchanga aliyenyimwa titi. Zamani, Boga akiwa kijana, walikuwa wakipita jioni kwenda kulala msituni, kundi baada ya kundi, hata mtu hawezi kuzungumza na mwenzake. Kisha miti ikaanza kwenda. Hapa ukuta wa nyumba ya mgeni, pale bwawa la kuogelea, pale kiwanja kimesafishwa kinangoja mwenye kukinunua mpaka leo. Msitu wa kaya, ule wa matambiko, upo, una wazee wake, haukatwi. Lakini ndege hajui mpaka wa kaya ni wapi, na matundu makubwa hayako kila mti. Mwanatumu aliniambia mara moja, na kwake hiyo ilikuwa hotuba: "Nilipoolewa hapa, Mjomba, miti yenye matundu ilikuwa mingi. Sasa ni huu."

Boga alikufa kwa presha, mwaka ule ambao vuli haikunyesha. Ilikuja siku moja, ikaloanisha vumbi, ikaomba radhi, ikaondoka. Tulimzika, na Mwanatumu akaingia eda.

Eda ya kwetu si ya mchezo. Mjane hatoki. Hapaki wanja, hajifukizi udi, haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Anakaa ndani miezi, watu wanamletea chakula, naye anamkumbuka marehemu. Kwa vile mimi ni mjomba, nilikuwa naruhusiwa kuingia, basi nikawa miguu yake na mdomo wake. Kwa upande wa mdomo, mpwa wangu hakuwahi kuhudumiwa vizuri kama vile.

Alikuwa akishona makuti dirishani, na dirisha lake linatazama mbambakofi. Kama mwezi na kitu baada ya mazishi akaniita.

"Mjomba, ameingia."

"Nani?"

"Jike. Ameingia tunduni, anaziba mlango."

Hayo ndiyo maajabu ya ndege huyu. Jike akitaka kutaga huingia tunduni na kuuziba mlango kwa udongo na uchafu wake mwenyewe, anabakisha ufa wa kupitisha ncha ya mdomo. Hatoki mpaka kinda amekuwa mkubwa. Dume ndiye anayehangaika nje, anamletea matunda, anampitishia pale penye ufa kama mtu anayelisha mfungwa. Dume akifa, au akikosa chakula, ndani kunakwisha.

Haikupita wiki, Sefu akaja na Elijah.

Sefu si mtu mbaya. Ana haraka tu, hata akisali utadhani ameacha maji motoni. Alikuwa amemwahidi seremala mmoja wa Ukunda gogo la mbambakofi, kwa ajili ya milango ya jumba fulani, na yeye kama mkubwa wa ukoo akaona mti usio na mwenyewe ni wake. Elijah ni kijana wa bara mwenye msumeno wa petroli, mpole, anayefanya kazi anayoambiwa. Akauweka msumeno chini, akatazama mti juu, akapiga mluzi.

Mwanatumu hakuweza kutoka. Alinishika mkono wa kanzu. Sijawahi kumwona amekunja uso vile, hata siku ya mazishi.

"Mwambie Sefu kuna ndege ndani, ametaga. Wangoje atoke."

Ndiyo hayo tu. Sasa nawauliza ninyi: mtu mwenye haraka kama Sefu, na seremala anamngoja, atangoja kwa sababu ya ndege? Ujumbe ule ulikuwa mwembamba mno. Mimi ujumbe mwembamba huupa mwili kidogo. Nikatoka nje, nikasimama baina ya msumeno na mti, nikakohoa kikohozi cha watu wazima.

"Mti huu haukatwi," nikasema. "Ndani yake mna mwanamke yuko eda."

Elijah akanitazama. "Mwanamke? Ndani ya mti, mzee?"

"Ndani. Amejifungia mwenyewe, mlango ameupiga udongo. Hatoki, haonwi na mwanamume. Chakula analetewa."

Na hapo, wallahi sikumpanga, dume akalia juu ya tawi. Uweee! Kile kilio chake cha mtoto.

"Na mtoto yuko humo?" Elijah akauliza, polepole.

"Yuko njiani."

Elijah akauokota msumeno wake. "Boss," akamwambia Sefu, "mimi sikuambiwa kuna mama na mtoto. Hii kazi iko na mambo mengi. Mkimaliza na huyo mama mtanipigia."

"Ni ndege huyo!" Sefu akapiga kelele. "Elijah! Ni hondohondo!"

"Sawa, boss. Akitoka mtanipigia." Akapanda bodaboda, akaenda zake.

Sefu akanigeukia. "Mzee, huoni haya? Ndege na eda wapi na wapi?"

"Amejifungia, au hakujifungia?"

"Mumewe si yule pale, amebeba kuyu mdomoni! Eda gani mume yu hai?"

Nikamjibu kwamba mambo ya ndani ya nyumba za watu mimi siyaingilii.

Jambo lile kufika jioni lilikuwa limefika baraza ya msikiti kabla ya miguu yangu. Kulikuwa na waliosema ni eda, waliosema ni arubaini ya mzazi, na mzee mmoja aliyeshikilia kwamba ni mwari anangojea harusi, ingawa mume keshampata. Sefu akalipeleka shauri lake kwa Mwalimu Abdulrahman wa chuo cha Kurani, mtu mtaratibu asiyepandisha sauti hata watoto wakimmwagia wino.

"Mwalimu," akasema Sefu, "ndege anakaa eda?"

Mwalimu akafikiri muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. "Ndege hana eda. Wala hana mahari, wala talaka."

"Mmesikia!" Sefu akasema.

"Lakini," Mwalimu akaendelea, "sijasoma mahali kwamba kungoja ni haramu. Na nyumba ya pale ina mjane wa kweli, mke wa ndugu yako, ambaye kaburi la mumewe halijaota nyasi. Utawasha msumeno nyuma ya dirisha lake?"

Watu wote wakamtazama Sefu. Sefu akaangalia kandambili zake.

"Haya," akasema. "Nitangoja shemeji amalize eda. Siku atakayotoka yeye, mti unaanguka. Na huyo wa juu, ametoka hajatoka, shauri yake."

Nikamrudishia Mwanatumu habari hiyo, na kwa mara hii niliifikisha jinsi ilivyo, maana ilikuwa imenenepa yenyewe. Akahesabu kwa vidole, akatazama dirishani, akahesabu tena.

"Haitoshi," akasema.

Na kwa nini isitoshe? Kwa sababu ya ile vuli iliyoomba radhi. Mikuyu haikuzaa kwa wakati wake, mizambarau ilitoa maua ikayaangusha. Dume aliruka mbali kufuata miti michache iliyobaki na matunda, na kila siku alirudi amechelewa, safari nyingine na kuyu moja lililosinyaa, safari nyingine mdomo mtupu. Mwanatumu alikuwa ameketi pale na makuti mapajani, anaona yote. Kinda asiposhiba hakui, asipokua hatoki, asipotoka msumeno unamkuta ndani na mama yake. Hesabu hiyo haihitaji darasa la sita.

Basi Maimuna jirani alipoleta chakula cha eda kama desturi, wali na mchuzi na papai pembeni, Mwanatumu akamwambia, "Hilo papai likate, uliweke juu ya ukuta wa choo."

"Ukuta wa choo?"

"Dume apate."

Maimuna ni mtu ambaye ukimwambia jambo huna haja ya redio. Siku ya tatu wanawake walikuwa wanakuja na sahani mbili, moja ya mjane wa ndani na moja ya mjane wa mtini. Mapapai, maembe, ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wengine walisimama chini ya mbambakofi wakatoa pole. Bibi mmoja kutoka Galu alisoma na dua, kisha akauliza marehemu alikuwa nani. Tatizo likawa tumbili. Tumbili walihudhuria matanga yale kuliko jamaa wa marehemu, na walikaa muda mrefu zaidi. Ikabidi mimi niketi pale kila asubuhi na manati. Nilipiga tumbili wengi sana.

Dume akazoea. Alikuja ukutani, akachukua kipande, akakirusha juu kidogo akakidaka, akapeleka mtini. Mara ya kwanza kumwona hivyo, Mwanatumu alicheka. Kicheko kidogo, akaziba mdomo kwa upande wa kanga, akaniangalia kama mwizi. Nikajifanya natafuta kokoto ya manati. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu Boga.

Siku ya kutoka eda ikafika. Wanawake walikuja alfajiri, wakamwogesha, wakamvika nguo mpya, udi ukafuka nyumba nzima. Na nje, chini ya mti, Sefu alikuwa ameshafika na Elijah na msumeno, na nyuma yao Mwalimu Abdulrahman na kijiji kizima, waliokuja kuona mwisho wa jambo. Elijah amevaa shati safi.

"Mama ametoka?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Yupi?"

Akautazama mti, kisha akaitazama nyumba. Nadhani swali lilimchanganya.

Udongo wa mlango wa tundu ulikuwa bado mzima. Ndani mlisikika kitu kinalia kwa sauti nyembamba, na dume alikuwa amekaa tawini na kipande cha embe, hashuki kwa kuogopa watu. Mwanatumu akatoka mlangoni. Miezi yote ile hakuwa amekanyaga mchanga wa uwanja wake. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mti, akauwekea kiganja.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Pole, na hongera kwa kumaliza," Sefu akasema. "Sasa tusogee, kijana afanye kazi."

Nikaona ni wakati wangu. Mambo kama haya lazima mtu mwenye ufasaha aingie. Nikasimama kati.

"Sefu!" nikasema. "Hujui wewe kwamba mjane mwenye mimba eda yake huisha kwa kuzaa? Huyu wa juu aliingia na mayai. Basi eda yake inaendelea!"

Watu wakaguna kwa kukubali. Nilijisikia vizuri sana. Sefu akatega sikio mtini.

"Na hicho kinacholia ndani ni nini?"

"Kinda," akasema mtu mmoja.

"Basi amezaa," Sefu akasema. "Kwa maneno ya mzee mwenyewe, eda yake iliisha zamani. Elijah, washa."

Watu wote wakanigeukia. Palikuwa na upepo mzuri asubuhi ile, nikautazama unavyochezesha minazi.

"Mjomba," Mwanatumu akasema, "nyamaza." Kisha akamtazama Sefu. "Hakuna eda, shemeji. Kuna mama na mtoto, na baba yao yule pale anaogopa kushuka. Mirathi ya ndugu yako tutaigawa lini?"

Sefu akashtuka kidogo. "Mirathi? Tutakaa wiki ijayo, inshallah. Leo ni habari ya mti."

"Na mimi ni habari ya mti. Fungu langu katika minazi ya Boga unalijua."

"Nalijua."

"Lichukue. Nipe huu."

Hata Maimuna alinyamaza, na mimi sijui kama hilo limewahi kutokea tena. Mnanielewa? Mtu aliye mshona makuti, kazi yake ni makuti, riziki yake ni makuti, anatoa minazi yake apate mti ambao haudondoshi chochote isipokuwa mavi ya ndege.

"Minazi yote ya fungu lako?" Sefu akauliza.

"Ya fungu langu. Ya watoto usiiguse."

"Na makuti utashona kwa nini, shemeji?"

"Kwa makuti ya watu."

Sefu akatazama gogo, akatazama minazi. Gogo ni milango ya mara moja. Mnazi ni nazi mwaka hata mwaka. Nilimwona anafanya hesabu, na hesabu ilikuwa inamfaa, lakini uso wake haukufurahi. Alikuwa amekwisha kufika pale akiwa mwenye mti, na sasa alikuwa anachukua minazi ya mjane mbele ya Mwalimu Abdulrahman, mbele ya mkewe mwenyewe na kijiji kizima. Alisema "haya" kwa sauti ndogo. Mwalimu akawafanya wapeane mikono kupitia kanga, mbele ya mashahidi. Shahidi wa kwanza nilikuwa mimi.

"Kwa hivyo leo hatukati?" Elijah akauliza.

"Hatukati," Mwanatumu akasema. "Kunywa chai."

Tangu siku ile maisha yake si mepesi, sitaki kuwadanganya, na mnajua nikisema hivyo ninamaanisha. Asubuhi huzunguka kwa majirani kuokota makuti yaliyoanguka. Anayashona kwa nusu: akimaliza, nusu ya mwenye mnazi, nusu yake. Watu wengine walimcheka, wakamwita mama wa hondohondo. Sasa wengi wao ndio wanaomwachia makuti kando ya njia, wakijifanya yameanguka hapo. Na Elijah humpitia siku asizo na kazi. Huchukua magogo ya miti iliyoanguka, huyatoboa tumbo kwa msumeno uleule, kisha wanayapandisha juu ya miti mingine na kuyafunga kwa waya, yawe matundu, maana matundu ndiyo yaliyokwisha. Wameshatundika kadhaa. Mpaka sasa wapangaji ni nyuki, komba, na kenge mmoja asiyelipa. Mwanatumu anasema hondohondo si mtu wa kuhamia nyumba mpya upesi, tungoje. Nje ya jiko amepanda mikuyu miwili. Ikizaa mimi nitakuwa nimezikwa, isipokuwa watu wa ukoo wetu hatufi mapema.

Lakini naona nimewaruka. Mnataka kujua kama ndege alitoka.

Alitoka. Mwanatumu yuko hapa kando anashona, nimemsomea yote mpaka hapa hajanikatiza, kwa hiyo mjue ni kweli tupu. Ilikuwa majuma machache baada ya mapatano yale. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesimama palepale chini ya mti, na watu nyuma yangu hawapungui mia tatu. Udongo ukapasuka, pa! Mama akatoka kwanza, akajinyoosha. Nyuma yake akatoka kinda, mkubwa kuliko baba yake, akatandaza mabawa mapana kama jahazi, akapiga bawa moja tu, upepo ukaezua paa la Sefu, akapaa juu ya Kinondo yote, akazunguka kaya, akaenda mpaka Wasini akarudi, na katika watu wote wale akanichagua mimi, akatua begani kwangu, akanitazama machoni, nami nikamwambia—

"Mjomba, siku hiyo ulikuwa Ukunda, unang'olewa jino."

"Asubuhi, ndiyo, lakini—"

"Tulikuwa mimi na Maimuna. Na kinda hakupaa. Alitoka, akaanguka kwenye kamba ya nguo, akakaa mpaka adhuhuri."

"Akakaa, sikatai, lakini kamba yenyewe ilivyokuwa juu, wallahi, ilikuwa imefungwa kutoka kwenye mnazi mrefu kuliko wote wa—"

"Mjomba."